Aliyesimama Mbele ya Dishi

Mama yangu mdogo alikuwa mtu wa kucheka. Yeye na mumewe walifanya kazi moja, kufunga na kutengeneza madishi, na watu waliwaita Juu na Chini, kwa kuwa mume ndiye aliyepanda na mke ndiye aliyebaki kwenye runinga. Kazi ile haiendi bila watu wawili. Aliye juu analishika dishi lakini kioo hakioni. Aliye chini anakiona kioo lakini dishi halioni. Basi aliye juu hufuata sauti tu. Ongeza, rudi, hapo hapo.

Walikuwa na sharti lao pia. Juu hatoki alipo, hata nyuki wamvamie, mpaka Chini amwambie kaza. Walilitunga baada ya kugombana sana, maana mume alikuwa na haraka, akikaza nati kabla picha haijatulia, kisha kazi nzima inaanza upya.

Siku hiyo waliitwa na bibi mmoja mwenye nyumba ya ghorofa. Aliitwa Bibi Waya, kwa sababu nyaya zilitoka juu ya paa lake zikaingia karibu kila nyumba ya mtaa ule, na aliyetaka kuona picha alipitia kwake. Dishi lake lilikuwa kubwa, la kumlaza mtu mzima akajinyoosha. Tatizo lenyewe lilikuwa la kuudhi. Picha inakatika, inarudi, inakatika tena. Mvua hakuna, upepo hakuna. Majirani walikuwa wameshaanza kumtukana bibi wa watu kupitia madirishani.

Mama mdogo aliuliza kama kuna mafundi wengine waliolishika dishi lile. Bibi Waya akajibu kwamba wapo, tena wazuri, ila wote waliondoka bila kuaga. Mama mdogo akacheka, akasema mafundi wa siku hizi hawana adabu.

Mume akapanda, jua la mchana likiwaka. Mke akakaa sebuleni kwa bibi, mbele ya runinga. Simu zao zilikuwa wazi, kila mmoja akimsikia mwenzake. Juu akafungua viungo vya waya, akavikuta vikavu, havina kutu. Akabadilisha waya. Akabadilisha jicho, yaani kile kichwa kidogo kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi. Akautikisa mlingoti, ukagoma kutikisika. Kila kitu kizima. Hata hivyo, kwenye kioo, mstari wa nguvu ya mawimbi ulipanda na kuanguka upendavyo.

"Huu ugonjwa unapona daktari akifika, akigeuka unarudi," Juu alisema.

Ndipo akazunguka mbele ya dishi kulitazama jicho vizuri. Mama mdogo alijiandaa kupoteza picha kabisa, maana mtu akisimama mbele ya dishi huyazuia mawimbi. Hilo hata mwanafunzi wa juzi analijua. Lakini mstari haukuanguka. Ulipanda. Ulikimbia karibu kufika mwisho, na nyumba za jirani zikalipuka kwa makofi, kwani kulikuwa na mechi.

Alimuuliza amefanya nini. Juu akasema hajafanya kitu, amesimama tu. Mke akamwambia atoke. Alipotoka, mstari ukaanguka, na mtaa mzima ukaguna. Aliporudi, ukapanda.

"Basi nitakuacha huko uwe kipuri," mama mdogo akamtania, na wote wawili wakacheka.

Akamwambia abaki pale kwanza, apate kuchunguza vipimo na kujua sababu. Bibi Waya alimletea mama mdogo mto wa kuegemea na glasi ya juisi baridi. Kisha akaenda kufunga mlango wa ngazi za paani, akisema vumbi linaingia. Aliporudi alimwinamia sikioni.

"Mwambie asisogee, mwanangu."

Baada ya muda Juu akasema anasikia baridi. Mama mdogo alitazama nje, akaona jua linavyochoma ukuta, akamwambia aache uvivu. Juu akasema kuna watu wanaongea ndani ya dishi. Akamjibu kwamba dishi kubwa hukusanya sauti za mtaani kama bakuli, na yeye anajua hivyo.

"Si za mtaani," Juu alisema polepole. "Wananisogelea."

Mstari ulipanda kidogo.

"Chini, nitoke?"

"Bado."

"Mikono yangu siioni."

Alidhani ni utani. Juu alikuwa na utani mwingi. Tena mstari ulikuwa umebakiza sehemu ndogo sana, nyembamba kama ukucha, na mama mdogo hakuwahi kuona mstari ukijaa wote katika maisha yake ya kazi. Aliutaka ujae.

"Chini. Tafadhali."

Mumewe hakuwa mtu wa kusema tafadhali.

"Bado kidogo," alimwambia. "Vumilia."

Mstari ukajaa.

Picha ikatulia. Haikuwahi kuwa nzuri vile, ungehesabu majani ya uwanjani. Simu ikawa kimya. Mama mdogo akauliza kama yupo.

"Nipo."

Sauti ilikuwa ya mumewe. Lakini haikutoka kwenye simu. Alipoitazama simu, aliona imekatika zamani. Sauti ilitoka kwenye runinga.

Alikimbilia mlango wa ngazi, akaukuta umefungwa. Bibi Waya hakumzuia. Alimpa ufunguo mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayempa mgeni taulo.

"Nenda tu," alisema. "Imeshatulia."

Paani hapakuwa na mtu. Mbele ya dishi palikuwa na viatu vya mumewe, vimeelekea kwenye jicho. Kamba zilikuwa zimefungwa. Soksi zilikuwa ndani. Alizigusa. Zilikuwa na joto.

Aliita. Alichungulia chini pande zote, akaona barabara tupu na mbuzi mmoja. Kisha akaiokota spana, akaanza kulegeza nati za dishi, alishushe, alivunje, alitupe chini.

Nati ya kwanza ilipolegea, mtaa ulipiga kelele. Haikuwa kelele ya watu wengi. Ilikuwa ya mtu mmoja, ikitoka katika madirisha yote kwa pamoja.

Alimjua.

Majirani wakatoka nje, wakainua nyuso zao, wakamwambia arudishe picha. Alijaribu kuwaeleza. Hawakumsikiliza. Akalegeza tena. Kilio kikawa kirefu zaidi, kikashuka, kikawa mnong'ono, na mnong'ono ule ulitoka sebuleni kwa bibi, kwa muuza duka, kwa kinyozi, kila mahali palipokuwa na kioo.

"Kaza. Inauma. Kaza, mke wangu."

Alikaza. Kwa mikono yake mwenyewe, nati baada ya nati, akilia, mpaka mnong'ono ukaisha na watu wakapiga makofi.

Baadaye walikuja askari. Walikaa sebuleni kuandika maelezo, na mmoja akauliza mabao mangapi. Wazee wa mtaa nao waliombwa waruhusu dishi lishushwe. Walikutana, wakashauriana, wakampa mama mdogo pole ya dhati. Dishi wakakataa lisiguswe. Walisema picha haijawahi kuwa nzuri namna hii.

Mama mdogo anaishi nasi sasa. Hacheki. Mchana hupanda paa la Bibi Waya, na bibi humfungulia bila neno. Nimewahi kumfuata. Wakati ule bati la dishi huwa la kuunguza kidole, lakini katikati yake, kwenye kimo cha mdomo wa mtu mrefu, pana doa la ukungu, kama mtu anapumua karibu na kioo. Linatokea, linafifia, linatokea. Bibi Waya hulifuta kwa kitambaa, nalo hurudi.

Siku hizi linachelewa kurudi. Na katika ule muda, kati ya pumzi na pumzi, picha mtaani imeanza kuganda.