Birika Lililowashwa na Marehemu

Mzee alikuwa chini ya ngazi, shingo imevunjika. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, la pili bado lina povu.

Inspekta, mtu wa kitambi kinachotangulia kuingia chumbani, alichuchumaa kwa taabu. "Mtu haachi ndevu nusu hivihivi. Kuna kilichomkimbiza."

"Au kilichomwita, afande," konstebo alisema kutoka jikoni. "Birika la umeme bado la moto. Taa zinawaka, redio inaimba. Kwenye swichi, vumbi tupu. Hakuna alama ya kidole."

Mlango haukuvunjwa. Hakuna kilichoibwa. Nyumba ilikuwa ya kisasa, kila kifaa kikiamriwa kwa programu ya simu. Inspekta, ambaye simu yake mwenyewe ilikuwa ikiwapigia watu bila ruhusa yake, alimwachia konstebo skrini ya ukutani inayotunza kumbukumbu za vifaa.

"Birika limewashwa saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, afande. Kwa simu ya mke wake."

"Mlete."

"Alizikwa miezi saba iliyopita."

Inspekta alivua kofia, akaenda sebuleni. Binti wa marehemu, aliyeikuta maiti na kuwaita polisi, alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi.

"Binti, simu ya mama iko wapi?"

"Sijui."

"Huo mkoba umeukumbatia kama kichanga. Nikupokee?"

Akaitoa simu.

"Mama alikuwa akimwashia baba birika saa kumi na mbili asubuhi, yeye mwenyewe bado yuko kitandani. Alipofariki, baba akagoma kuamka. Kula hataki. Siku moja napekuapekua simu ya mama, nikabonyeza birika kwa bahati mbaya. Baba akanipigia, anacheka! 'Mama yako kaniwashia chai.' Siku hiyo akala. Tangu hapo nikaliwasha kila asubuhi, naye hakulala bila kulijaza birika maji."

"Alijua ni wewe?"

"Sikuthubutu kumuuliza."

"Na leo?"

"Programu ilikataa mpaka isasishwe. Kila mwezi inadai jipya, na simu ya mama imechoka. Nimehangaika zaidi ya saa mbili. Nikajua baba atadhani mama kamsusa. Ilipokubali tu, nikawasha kila kitu kwa pamoja, ajue mama yupo." Alifunika uso. "Alishuka mbio, afande. Andika nimemuua."

Inspekta aliandika neno moja: ajali. Akamgeuzia daftari.

Binti alilisoma, akatikisa kichwa. "Na kesho saa kumi na mbili, niamke nimwashie nani?"

Inspekta alilifunga daftari. Akaketi kando yake, kofia mapajani.