Mama Hafanyi Kazi Duka la Dawa

Kila asubuhi nyumba yao iliamka kwa utaratibu uleule. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alitangulia kutoka, maana kiwanda cha mabasi alichofanyia kazi kilikuwa upande wa pili wa mji. Mama alimimina chai, akanyoosha kola ya binti yake, akafunga mlango, kisha wakashuka ngazi za ghorofa pamoja. Kwenye kona waliagana. Binti alishika njia ya shule, mama akashika njia ya kazini.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alimbandika jina la Kachero kwa sababu hakuna kitu kilichompita bila kuulizwa maswali. Walikuwa wamehamia nchi hiyo ya ugenini mwaka uliotangulia, baba alipopata kazi kiwandani. Kwao, mama alikuwa mfamasia wa hospitali kubwa, na Kachero alitembea kifua mbele kwa ajili hiyo. Huku nako mama alisema amepata kazi, katika duka la dawa karibu na soko.

Lakini siku hizi Kachero alikuwa haelewi. Mama alirudi nyumbani nguo zikinukia siki, na mikono ya blauzi ina vumbi jeupe. Mkoba wake, ambao zamani ulitupwa popote, sasa uliwekwa juu ya kabati. Zaidi ya yote, kila jioni baada ya kula alijifungia chumbani, na sauti yake ikasikika ikifoka katika lugha ya kule ugenini.

"Wewe wa nyuma, nakuona! Hebu rudia nilichosema!"

Kachero alitega sikio mlangoni. Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa peke yake chumbani.

"Mama, ulikuwa unagombana na nani?" aliuliza mama alipotoka.

"Mimi? Na nani tena? Nilikuwa naongea na simu."

Simu ya mama ilikuwa mezani muda wote huo, imechomekwa kwenye chaji.

Wiki hiyohiyo Kachero alianguka uwanjani akachubuka kiwiko. Akaona ni sababu nzuri ya kupita kwa mama, pale duka la dawa, kuomba plasta. Alimkuta muuzaji mmoja mnene akipanga chupa za dawa ya kikohozi. Kachero alimweleza anamtafuta nani.

"Mfamasia mgeni, mrefu, mwenye mwanya?" Muuzaji alitikisa kichwa. "Hapa tuko mimi na mke wangu tu, binti. Umepotea duka."

Hakukuwa na duka jingine la dawa karibu na soko. Kachero alirudi nyumbani miguu mizito. Jioni alimtazama mama akivua viatu.

"Kazini kulikuwaje leo, mama?"

"Tumechoka kweli! Wateja wamejaa mpaka nje."

Mama, aliyemfundisha kusema kweli hata kama kikombe kimevunjika, alikuwa amemdanganya macho makavu. Alimfuata baba jikoni.

"Baba, mama anafanya kazi wapi hasa?"

Baba aliacha kutafuna. "Muulize mama yako," alisema, kisha akachukua spana na kwenda kukaza bomba ambalo halikuwa limelegea.

Basi na baba yumo! Usingizi wa Kachero ulikuwa wa mang'amung'amu. Labda mama alifukuzwa kazi. Labda alifanya jambo baya, na polisi wanamtafuta. Angeweza kuuliza tena waziwazi, lakini aliogopa kudanganywa mara ya pili. Akaamua atajionea mwenyewe.

Asubuhi waliagana kwenye kona kama kawaida. Kachero alihesabu hadi mama alipopita kibanda cha magazeti, akageuka na kumfuata. Mama alipita soko bila hata kulitazama lile duka la dawa. Alivuka daraja la waenda kwa miguu, akazunguka uwanja wa mpira, na mwisho akaingia kwenye geti la shule asiyoijua Kachero.

Kachero alijibanza nje hadi kipindi cha kwanza kilipoanza, kisha akaingia nyuma ya kundi la wanafunzi waliochelewa. Alinyata kando ya ukuta hadi kwenye dirisha ambamo alisikia sauti anayoijua. Akachungulia.

Mama alikuwa amesimama mbele ya darasa, chaki mkononi. Mezani kulikuwa na chupa ya siki, magadi na glasi. Nyuma kabisa aliketi mwanamke mwenye miwani, akimtazama bila kutabasamu. Mama alitamka neno moja vibaya, na darasa zima likaangua kicheko. Mwanafunzi mmoja alilirudia neno hilo kwa kumwigiza. Mama aliendelea kufundisha. Kachero alihisi masikio yakimwaka moto.

Mkono mzito ulimshika begani. "Sare hiyo si ya hapa," alisema mlinzi. "Unamtafuta nani?"

"Ma... mama yangu."

Mlinzi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpeleka moja kwa moja hadi mlangoni. "Samahani, mwalimu. Huyu anasema wewe ni mama yake."

Vicheko vilikatika. Mama alimtazama Kachero, kisha akamtazama yule mwanamke mwenye miwani. Kachero alitamani ardhi ipasuke. Alidhani mama atasema hamjui.

"Ndiyo, ni mwanangu," mama alisema taratibu. "Alipaswa kuwa shuleni kwake. Amenifuata huku kwa sababu nilimdanganya kwamba nafanya kazi duka la dawa."

"Kwa nini ulimdanganya, mwalimu?" aliuliza yuleyule aliyekuwa akimwigiza.

"Niliona haya," mama alijibu. "Kwetu nilikuwa mfamasia. Huku vyeti vyangu havikukubaliwa, nami nikasikia walimu wa sayansi hawatoshi. Nimeanza upya, nasoma ualimu na watu walio sawa na wadogo zangu. Mtihani wa kwanza wa kufundisha nilianguka. Leo ndio narudia."

Yule mwanafunzi aliinamisha kichwa. Mama alichukua glasi aendelee, lakini kabla siki haijagusa magadi, kengele ililia.

Mwanamke mwenye miwani, mkufunzi wa chuo cha ualimu, alikuja mbele. "Siwezi kutoa alama kwa nusu ya somo," alisema. "Utafundisha tena wiki ijayo." Kisha akamgeukia Kachero. "Na wewe, mwalimu wako anajua uko wapi?"

Hakujua. Shule ya Kachero ilikuwa imeshampigia baba simu kiwandani, na Kachero alipewa adhabu huko ya kubaki kusafisha madarasa baada ya masomo, wiki nzima.

Jioni hiyo walikaa wote watatu mezani. Kachero alilia hadi kwikwi zikamshika.

"Nimekuharibia mtihani, mama."

"Umeuharibu, ndiyo," mama alisema. "Lakini mimi ndiye niliyeanza. Nilimwomba baba yako asikwambie mpaka nifaulu. Sikutaka ujue kwamba mama unayejivunia amefeli."

"Mimi nilidhani unatafutwa na polisi."

Baba alipaliwa na chai. Mama alijaribu kujizuia, ikashindikana, wakacheka wote.

Tangu siku hiyo mama alipofanya mazoezi ya kufundisha jioni, mlango wa chumbani ulibaki wazi. Kachero, ambaye ulimi wake ulishazoea lugha ya huko, alimrekebisha mama matamshi. Baba aliketi nyuma akijifanya mwanafunzi mtundu, mpaka akatolewa nje ya darasa. Maneno mengine yalikataa kabisa kutoka sawasawa, nayo mama aliamua kuyaandika ubaoni kwa herufi kubwa kabla ya kuyatamka.

Siku ya somo ilipofika, Kachero alikuwa darasani kwake. Alipotoka, alimkuta mama amesimama kwenye geti la shule. "Nimefaulu!" alisema. Alitabasamu, mwanya wote nje, na Kachero akamrukia shingoni.

Walirudi nyumbani polepole, wameshikana mikono.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Ukishuku jambo, muulize mwenyewe kwanza, tena ukiogopa muulize hivyohivyo, maana hofu yako itakutungia mambo mabaya kuliko ukweli. Na anayeulizwa aseme kweli, hata kama anaona haya. Wewe ulikosea la kwanza, mimi nikakosea la pili. Kuanza upya si aibu. Aibu ilikuwa kuwaficha watu wangu."

Kachero akauliza, "Mama, ulipofeli mara ya kwanza, ulilia?"

"Nililia sana," mama alijibu. "Nilikaa chooni chuoni mpaka mfagizi akagonga mlango. Njoo nikusimulie vizuri."