Vidonge vya Kumbukumbu

Mzee fundi viatu alipoanza kusahau, alihamia kwa bintiye, mshonaji nguo. Alisahau njia ya chooni. Alisahau hata kwamba mkewe ni marehemu. Hospitali wakampa vidonge vya kumsaidia kumbukumbu. Baada ya muda, asubuhi moja, akamwita bintiye kwa jina la utotoni, Kidoti. Mshonaji alijifungia chumbani akalia kwa furaha.

Kisha siku moja, wakati wa kula, mzee akakakamaa. Akaanguka, akatetemeka mwili mzima, povu likamtoka. Mkwewe, mume wa mshonaji, akamtia kijiko mdomoni. Jino likavunjika.

Mume alitaka waende hospitali. Mshonaji akakataa, akisema ni uzee tu. Moyoni aliogopa vidonge vitaondolewa.

"Baba nimempata juzi tu," alimwambia mumewe. "Akipotea tena, sitampata."

Mara ya pili, mzee aliangukia pasi ya moto kwenye chumba cha kushonea. Mkono ukaungua vibaya.

Jirani yao, muuguzi, alisikia kishindo akaja mbio. Akasogeza pasi, akamlaza mzee ubavu, akamwekea nguo laini chini ya kichwa. Akawakataza kumtia kitu chochote mdomoni. Mzee alipotulia, aliumwagia mkono maji baridi, huku akiuliza anatumia dawa gani. Alipoviona vidonge, akawaeleza kwamba utafiti umehusisha dawa za aina hiyo na kifafa kwa baadhi ya wagonjwa. Si wote. Hata ugonjwa wenyewe wa kusahau unaweza kukileta. Daktari ndiye wa kupima.

"Basi navitupa leo hii," mshonaji alisema.

"Usimkatizie dawa mwenyewe, dada. Wala usimfiche daktari. Twende naye sasa hivi. Na siku nyingine kifafa kikipita dakika tano, usingoje kitulie. Mkimbize hospitali."

Mshonaji alimweleza daktari yote, hata lile anguko la kwanza. Daktari akampima mzee, akapunguza dawa kidogo kidogo, mwishowe akamwachisha. Kifafa hakikurudi. Mkono ulipona, ila vidole viwili havikunjiki. Lakini kumbukumbu nayo ikaenda zake.

Jioni moja mzee alikula akashiba. Kisha akamtazama mshonaji kwa adabu, kama mgeni.

"Samahani, mama. Leo naweza kulala hapa?"

"Utalala hapa, baba," alisema mshonaji, akainuka kwenda kumtandikia.