Fundi Aliyekosea kwa Makusudi

Watu walijaa ukumbini mwa lile jengo, lakini mwalimu wa Kiingereza alikuwa peke yake ndani ya lifti ilipokwama na taa kuzimika. Blauzi yake ya njano ilimganda mgongoni. Akabonyeza kengele huku meno yakigongana.

"Usiogope, dada, mimi ndiye fundi," sauti ikatoka kwenye spika. "Unafanya kazi gani?"

"Nafundisha Kiingereza. Nitoe, nakufa!"

"Hufi. Hebu nisaidie. 'Since' na 'for' si kitu kimoja?"

"Wapi! 'For' inataka urefu wa muda, tuseme miaka miwili. 'Since' inataka pale ulipoanzia, tuseme Jumatatu."

"Kwa hiyo nitasema 'since miaka miwili'."

"Wewe! Kichwa kigumu!"

Mlango ulifunguliwa akiwa bado anagomba. Kijana wa ovaroli ya buluu alikuwa akimtabasamia, na moyo wa mwalimu ukaenda mbio upya.

Wakapendana. Siku moja mwalimu akamkuta fundi anasoma kitabu kinene cha mitambo kwa Kiingereza, hababaiki hata neno moja.

"Kumbe ulikuwa unanichezea akili!" Akanuna, simu zake akawa hapokei.

Wiki moja baadaye mwalimu alirudi jengoni kutoka chakula cha mchana akakuta ukumbi mzima umetazama juu. Fundi alikuwa amenasa juu ya paa la lifti, na breki zilikuwa zinateleza. Mafundi wenzake walikuwa wakihangaika kumfikia. Mwalimu akampigia simu, vidole vikimkataa.

"Laazizi, leo umenikumbuka?"

"Jishike!" Alitaka kumtuliza kama yeye alivyotulizwa. "Niambie... 'since' na 'for'."

"'Since' ni urefu wa muda. 'For' ni pale nilipoanzia."

"Umegeuza!"

Chuma kikalia huko juu. Watu wakapiga kelele.

"'Since' wiki nzima umeninunia," fundi akasema haraka.

"Umekosea tena! Nikufundishe mara ngapi?"

Alipokwisha kufoka akaona mkono wake umeacha kutetemeka. Hapo akaelewa. Fundi ananing'inia juu ya shimo, na bado ndiye anayembembeleza yeye kwa makosa ya makusudi. Akamhofia kuliko alivyojihofia mwenyewe siku ile ya giza.

"Shuka unioe," akanong'ona. Simu ikakatika.

Alisimama pale mpaka mlango wa ngazi ukafunguliwa. Fundi alitoka akichechemea, wenzake waliomfikia wakimshikilia, mafuta hadi kwenye nyusi.

"Hebu rudia. Ulisemaje?"

Mwalimu akamkumbatia, mafuta yakaienea blauzi ya njano yote.

"Nimesema unioe, kichwa kigumu wewe."