Mgeni Husindikizwa

Kuna jirani yetu mmoja, mpiga video wa harusi, ambaye ukimpigia hodi haitikii mpaka akuchungulie kwanza dirishani. Majirani wanasema anaringa, kamera imempanda kichwani. Wangejua yaliyomkuta sebuleni kwa shemeji yake, nao wangekuwa wanachungulia.

Ilikuwa mchana wa jua kali, siku ya mapumziko. Shemeji yake, kinyozi, alikuwa amenunua runinga mpya, pana kama mlango uliolazwa, akamwita aje amsaidie kuifunga. Kuifunga kilikuwa kisingizio tu. Kinyozi alikuwa amefiwa na mkewe, dada yake mpiga video, na binti yao alikuwa ameanza kumsahau mama. Juzi tu aliulizwa mama alikuwaje, akajibu, "Alikuwa mrefu." Marehemu alikuwa mfupi wa kupanda kigoda ili azime taa. Jibu lile lilimchoma baba mtu kuliko msiba wenyewe.

"Shemeji, si uliwahi kumpiga video humu humu ndani?" aliuliza. "Niwekee, mtoto amwone. Asije akakua hamjui mamake."

Mpiga video alikuja na kamera yake ndogo ya mkononi. Picha zilikuwa bado zimo kwenye kadi. Alizipiga katika sebule hii hii, siku alipokuwa akiijaribu kamera ikiwa mpya, kinyozi akiwa kazini. Alichomeka waya kwenye runinga. Mtoto, waliyemwita Sisimizi kwa jinsi alivyopenda sukari, alikaa katikati ya kochi, miguu ikining'inia.

Picha ilitokea. Kwenye kioo kidogo cha kamera dada alikuwa kama kidoli. Hapa alikuwa mtu mzima aliyeketi mbele yao, anaonekana mpaka vinyweleo vya mkono, mpaka uzi uliochomoka kwenye foronya aliyokuwa akiishona.

"Usinikate kichwa," dada alisema akicheka. "Kichwa ndicho chenye uzuri wote, kwingine najazia tu."

Kinyozi alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Mama ana kidoti hapa!" Sisimizi alipiga kelele, akijigusa shavu. Alikuwa amemkumbuka. Kwa dakika ile moja nyumba ilikuwa na furaha.

Kisha, ndani ya runinga, mtu alibisha mlango.

"Hodi."

Mpiga video aliikumbuka sauti ile. Siku ile alidhani ni jirani mmbea anayekwepwa. Dada aliacha kushona. Hakugeuka. Aliweka kidole mdomoni na kutikisa kichwa.

"Hodi humu ndani."

"Dada, kuna mtu," ilinong'ona sauti yake mwenyewe kutoka nyuma ya kamera.

"Najua. Usiitikie."

Siku ya kupiga picha ile, mpiga video hakuona kitu. Leo, kwenye kioo kile kipana, aliona kila kitu. Aliona upenyo wa chini ya mlango, na mwanga wa jua uliopita pale, mweupe, kutoka mwanzo hadi mwisho. Palikuwa na mtu anabisha, na hapakuwa na kivuli cha miguu.

Alinyoosha mkono kuchukua rimoti. Alichelewa. Mtoto aliyelelewa vizuri hangoji kukumbushwa adabu.

"Karibu!" Sisimizi aliitikia kwa furaha. "Pita ndani!"

Dada aliinua uso. Hakumtazama kaka yake aliyeshika kamera. Alimtazama binti yake pale kwenye kochi, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka usoni. Nyuma yake, ndani ya runinga, mlango ulifunguka. Nje palikuwa na jua tu. Pazia likajisogeza pembeni, kisha likarudi.

Mlango wao wenyewe haukufunguka. Ulikuwa na komeo.

Sisimizi alijisogeza mwisho wa kochi.

"Baba, sogea. Mgeni akae."

Mto wa kochi ulibonyea. Taratibu. Ukabaki umebonyea.

Mpiga video alizima runinga. Haikuzimika. Akachomoa waya. Dada aliendelea kutazama.

"Mwambie kwaheri," kinyozi alimnong'oneza mwanawe. "Wewe ndiye uliyemkaribisha. Muage aende."

"Kwaheri, mgeni," mtoto alisema. Alitega sikio, kisha akaitikia kwa kichwa. "Amekubali, baba. Anasema nimsindikize."

Alikuwa ameshashuka, anatafuta viatu. Mgeni husindikizwa, mama yake alimfundisha hivyo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Ulikuwa umeshikwa. Vidole vilikuwa vimebanwa pamoja.

Mpiga video alimkumbatia kiunoni na kuvuta. Ni kama alivuta ukuta.

"Mjomba, unaniumiza!"

Ndipo kinyozi aliposimama.

"Mgeni," alisema, "kwenye nyumba yenye baba, mtoto hamsindikizi mtu. Mwenye nyumba ni mimi."

Akanyoosha mkono mtupu hewani.

Vidole vya mtoto viliachiwa. Vya baba vikabanwa.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "mfumbe macho."

Mpiga video alimfumba mtoto, na yeye mwenyewe akafumba. Alisikia komeo. Alisikia ndara za kinyozi zikiburuta kuelekea getini, mchana kweupe, watu wakisalimiana barabarani. Kisha hakuzisikia tena.

Walimtafuta hospitalini, polisi, kwa ndugu wa karibu na wa mbali. Hakuna aliyemwona akipita.

Sisimizi yuko kwa mjomba wake, mzima, anamaliza sukari ya watu kama kawaida. Picha ile mpiga video ameionyesha watu wachache. Dada anashona, mlango uko wazi, na kizingitini amesimama mwanamume, ameipa kamera mgongo, mkono mmoja ameutoa pembeni. Ni kinyozi, ambaye siku ya picha ile alikuwa kazini. Kichwa kinang'aa, kimenyolewa upara, na kovu la kisogoni linaonekana wazi.

Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Mpiga video huifungua mara moja moja, mlango ameufunga, sauti ameizima, akiomba amkute shemeji yake amegeuka, yuko njiani kurudi. Hajageuka. Lakini picha ni ang'avu, haifichi kitu. Kovu halionekani tena. Nywele zimelifunika, zimefika shingoni, zimesokotana, na kila akiifungua zimeongezeka. Kinyozi hajinyoi, na huko aliko hakuna wa kumnyoa.