Brashi Niliyoiramba

Desemba kwetu Thuringia, Ujerumani, saa kumi jioni giza linaingia. Oma, bibi yangu, alinituma mkate mweusi na maziwa. Wakati wa kurudi nikapitia kwa Herr, yaani Bwana, Böttner kuchukua kichupa cha vumbi.

Hiyo ndiyo safari yenyewe. Mkate, maziwa, vumbi.

Tuelewane kwanza. Mimi Gesine nina digrii mbili, ya historia na ya utunzaji wa makumbusho. Zote nimezibandika chooni kwa Oma, mkabala na anayekaa, angalau zipate wa kuzisoma. Miaka mitatu nimeandika barua za maombi mpaka printa ikafa kabla yangu. Ofisi ya ajira ikanipeleka kozi ya kuandika barua za maombi. Mensch, jamani! Nikacheka mpaka mwalimu akaniomba nitoke nje.

Ndipo Herr Böttner, mhandisi mstaafu na mwenyekiti wa makumbusho ya mji wetu, akaniambia nafasi ya mtunzaji ipo. Sharti moja tu. Nimjengee Mbayuwayu.

Mbayuwayu ni ile ndege ya jeti ya vita, iliyoundwa mwaka wa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia ndani ya mahandaki ya mlima wetu. Yake ilikuwa mfano wa plastiki, vipande mia tatu na ushee, ndogo mara arobaini na nane kuliko yenyewe. Nilifunga mikanda ya kiti cha rubani kwa kibano. Nilitandika nyaya ndani ya injini ambazo hakuna jicho litakaloziona. Ikabaki hatua ya mwisho, uchafu. Sisi wajenzi wa mifano tunajua: ndege safi ni mwanasesere. Lazima uichafue ndiyo iwe kweli.

Herr Böttner alifungua mlango na jagi la maji mkononi. Sijawahi kumwona bila jagi. Alikunywa akiongea, alikunywa akikusikiliza, maji yakimchuruzika kidevuni hadi kwenye fulana, na fulana ilikuwa na ukungu wa kijani shingoni. Nikatabasamu. Mtu asiye na kazi hutabasamu sana.

"Karibu, msomi wa chooni," alisema. Mji mdogo, kila kitu kinajulikana. "Mikono imetulia leo?"

"Imetulia kuliko ahadi zako, Herr Böttner."

Akacheka. Akakohoa. Akanywa.

Kisha akanipa kichupa. Vumbi la kijivu, laini kama poda ya mtoto.

"La mlimani," alinong'ona. "La pale pale. Lichanganye na maji, upake magurudumu na maungio ya mabawa. Kwa brashi nyembamba kabisa."

"Kazi yangu naijua."

"Ncha unainoa vipi?"

Nikachomoa brashi niliyokuwa nimefungia nywele, nikaitia mdomoni, nikaizungusha kati ya midomo. Ikatoka kali kama sindano. Kila mjenzi anafanya hivyo. Tunaambiwa ni sumu, tunafanya tu.

Herr Böttner akaliweka jagi chini.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana."

Siku tisa nilijifungia darini kwa Oma, nikifanya kazi mpaka mwanga wa dirisha unapokwisha. Chovya, paka, ramba. Chovya, paka, ramba.

Siku ya kwanza vumbi lilikuwa na ladha ya chumvi. Siku ya tatu, mafuta ya nguruwe yaliyoungua, yaliyogandia kwenye kikaango wiki nzima. Siku ya tano kitu kikasaga katika meno yangu. Nikakitema kiganjani. Kipande cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye vitundu vitundu kama mkate.

Jiwe, nikajiambia.

Nikakipangusia kwenye suruali, nikachovya tena.

Kiu ikaanza. Lita mbili, lita nne. Maji yalishuka na hayakufika popote. Na siku ya saba, ndani ya ndege niliyoifunga mwenyewe kwa gundi...

Tik.

Tik. Tik.

Kama mtu anayegonga ribiti, misumari ya kuungia mabati ya ndege. Mtu mdogo sana, aliyechoka sana.

Siku ya tisa niliishusha jikoni. Ilikuwa nzuri, na ninachukia kusema hivyo. Oma alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Hiyo harufu umeitoa wapi?"

"Harufu gani, Oma? Ni rangi."

"Usinifundishe rangi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa na miaka saba. Mama alianika mashuka meupe pale nje. Yakashuka majivu kutoka mlimani, ya kijivu, laini. Mama akayakung'uta mashuka, akayaanua. Usiku tukayalalia."

"Majivu ya nini?"

"Hakuna aliyeuliza. Wafungwa walipita dirishani hapa kila alfajiri, safu kwa safu. Waitaliano, Wapolandi, Warusi, kwenda kuunda hiyo midege. Jioni walirudi wachache. Waliomba kitu wakipita. Mama akafunga pazia."

Kisha akanitazama, si machoni, mdomoni.

"Gesine. Mbona midomo yako ya kijivu?"

Nilifika kwenye sinki nimechelewa. Nilitapika sakafuni, na matapishi yalikuwa uji mzito wa kijivu. Nikakwangua ulimi kwa kijiko. Nikakwangua mpaka damu ikatoka. Bado ulikuwepo ule utelezi, chini ya ulimi, kwenye fizi, nyuma ya meno. Siku tisa. Nilikuwa nimemla mtu siku tisa, kidogo kidogo, kwa ustadi.

Halafu mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya kijana wa kiume, imekauka. Neno moja, la lugha nisiyoijua, mara tatu.

Oma akaangusha kisu.

"Ndilo lile," alinong'ona. "Lile la dirishani. Baadaye niliuliza maana yake." Akaziba mdomo kwa aproni. "Maji. Anaomba maji."

Kesho yake nilimkuta Herr Böttner makumbusho. Alikuwa anakunywa kahawa. Kikombe kidogo, kidole kimenyooka. Fulana mpya. Kidevu kikavu.

Hapakuwa na jagi.

"Ulijua," nilisema.

"Baba yangu alikuwa msimamizi kule ndani. Alikufa kachubuka midomo kwa kunywa. Kisha kiu ikahamia kwangu, miaka thelathini na mmoja." Alisukuma karatasi mezani. "Mkataba wako. Kazi ya kudumu, kama nilivyoahidi."

"Ulinilisha watu, mzee mchafu wewe!"

"Polepole, binti." Hakukasirika hata kidogo. "Wewe ndiye uliyesoma historia. Ulidhani vumbi la mlima ule ni la nini?"

Nikaivuta karatasi.

Nilisaini. Ndiyo, nilisaini. Msinitazame hivyo.

Sasa nina ofisi, ufunguo, na kibao chenye jina langu mlangoni. Mbayuwayu yuko ndani ya kabati la kioo, na ikifika saa kumi jioni anagonga. Oma anataka tukakizike kichupa mlimani, kwa heshima, mbele ya mji mzima. Anasema labda hicho tu ndicho wanachokitaka wale wa dirishani. Labda. Lakini mji mzima ukijua, makumbusho yatafungwa, na mimi nitarudi kwenye kozi ya barua za maombi.

"Basi na wewe umefunga pazia," aliniambia. Tangu siku hiyo hali chakula nami meza moja.

Juzi nilitoa tangazo. Anatafutwa mjenzi wa mifano, mkono mtulivu, nafasi ya kudumu inawezekana. Wameomba arobaini na watatu. Wote wana digrii.

Leo saa kumi kaja wa kwanza, Wiebke, viatu vimelowa theluji, anatabasamu sana. Kichupa kiko kwenye droo. Nilikunywa, nikajifuta kidevu, nikamuuliza ncha ya brashi anainoa vipi.

Akaitoa mkobani. Akaitia mdomoni.

Nikaliweka jagi chini.