Suruali Isiyolegea

Suruali ya Tingatinga ilipasuka Jumamosi asubuhi katikati ya soko la vitambaa, mbele ya watu ambao kazi yao ni kupima vitu kwa macho. Aliinama kumwokotea mwanamke mmoja jora lililomponyoka, akasikia mlio nyuma yake, halafu akasikia upepo. Akabaki ameinama hivyohivyo. Na wewe ungefanya nini?

"Usisimame," yule mwanamke akasema taratibu. "Wala usigeuke."

"Sina mpango wa kugeuka, dada."

Mwanamke akalikunjua jora lake la zambarau, akamzungushia kiunoni mizunguko miwili, akakaza. "Nifuate. Duka langu lile pale."

"Watu wanaangalia?"

"Wanaangalia kitambaa changu. Wewe unakining'iniza tu."

Sokoni walimwita Pindo, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kupinda nguo. Ukipeleka kwake gauni lililoungua pasi, unarudishiwa gauni, pa kuungua hupaoni. Siku hiyo alivaa joho la buluu lenye mifuko iliyojaa chaki, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, na viatu vya raba vya kusimamia kutwa. Dukani mwake mlikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pazia la kujaribia nguo, na nyuma ya pazia sanamu ya kitambaa isiyo na kichwa, imesimama kwenye mguu mmoja wa mbao.

"Mteja mnene namtengenezea mwili wake pale," akaeleza huku akimpima. "Najaza pamba mpaka sanamu ilingane naye. Hahitaji kuja kupimwa kila mara."

"Ukishakuwa na mwili wangu, mimi mwenyewe utanihitaji?"

"Tutaona kati yenu nani anabishana kidogo."

Akacheka yeye mwenyewe kwanza. Kucheka kule ndiko kulikomrudisha Tingatinga Jumamosi iliyofuata na shati lisilo na tatizo lolote, na nyingine na tai asiyojua hata kuifunga. Mapenzi yakaota. Wakawa watu wa simu za mchana.

"Umekula, jitu langu?"

"Nimekula. Wewe je, sindano yangu?"

"Sindano haili, inatoboa."

Tingatinga alikuwa mhudumu wa hospitali kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuwanyanyua watu: kutoka kitandani kwenda kwenye machela, kutoka kwenye machela kwenda mezani, na wale waliomaliza safari, kwenda chumba cha baridi. Jina alipewa na manesi, maana alinyanyua mtu mzima peke yake bila kumtikisa. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyojua kusema. Lakini magoti yakaanza kulalamika, tumbo nalo likawa mbele yake kila anapoinama. Msimamizi akamwambia bila kuzunguka: ama upunguze mwili, ama ukakae getini ufungue magari.

Akaenda kwa mama mmoja wa hospitali hiyohiyo anayetibu viungo. Mama yule akamminyaminya mapaja, akatikisa kichwa.

"Misuli unayo. Usije ukaipoteza kwa pupa," akasema. "Nusu kilo kwa wiki inatosha. Kula mayai, maharage, samaki, ushibe. Punguza wali na soda. Nyanyua vitu vizito, ulale. Mafuta hayapendi kufukuzwa, yanapenda kusindikizwa. Na usiiamini mizani peke yake, mwanangu. Iangalie suruali. Kilo zikishuka na suruali ikilegea, mafuta yanaondoka. Kilo zikishuka na suruali ikibaki palepale, jua unajila mwenyewe."

Maneno hayo yakamkaa.

Alipomwambia Pindo, mkono wa mwanamke ukasimama juu ya kitambaa.

"Tumbo hilo limekukosea nini?"

"Linataka kunipeleka getini."

"Basi punguza," akasema, lakini hakumtazama. Tingatinga alijua ni mjane. Alijua mumewe aliugua akafa, basi. Mara mbili alijaribu kuuliza habari zake na mara zote mbili Pindo alikumbuka kuwa kuna nguo ya mteja ameisahau. Safari hii pia alikumbuka. Kisha, akiwa amempa mgongo: "Nguo zako niletee mimi kila wiki nikufulie na kukupigia pasi. Zote. Sitaki uvae makunyanzi."

Mwanamume gani anakataa hilo?

Basi akaanza. Alikula alivyoambiwa, akanyanyua ndoo za mchanga uani, akalala mapema. Kilo zikashuka taratibu kama alivyotabiriwa. Mwanzo alifurahi. Halafu akaanza kungoja suruali ilegee. Haikulegea. Kila Jumamosi aliichukua kwa Pindo imenyooka, inanukia sabuni, na kila alipoivaa ilimshika kiunoni vilevile kama mkono wa mtu anayemfahamu. Kilo zikashuka tena. Mashati nayo yakamkaa vilevile, begani palepale, kifungoni palepale. Nyumbani kwake kioo kilikuwa kile kidogo cha kunyolea ndevu, nacho kilimwonyesha uso unaochongoka siku hadi siku juu ya mwili ambao, kwa ushahidi wa nguo zake, haukwenda popote.

Hapo ubaridi ukamwingia. Kama kilo zinatoka na tumbo lipo, zinatoka wapi? Mgonjwa mmoja aliyelazwa mwaka uliopita akamtazama sana, akamuuliza habari za kaka yake, yule mnene. Tingatinga akajibu, "Hajambo," kisha akajishangaa kwa nini amejibu hivyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikuwa anakivaa na kwenda nacho kazini.

"Nipime," akamwambia Pindo siku moja. "Nipime na futi, nijue moja."

Akapimwa. Vidole vya Pindo vilikuwa baridi mgongoni mwake. Akaitazama futi kwa muda, muda mrefu kwa mtu wa kazi yake.

"Palepale," akasema.

"Hata kidogo?"

"Palepale, mpenzi. Uko vilevile."

Mtu akikwambia hivyo huku amekukumbatia, utambishia? Tingatinga akaamua mwili wake umemgeuka, unakula nyama na kuyatunza mafuta. Naye akafanya lile aliloambiwa asifanye. Akaacha kula mchana, usiku akanywa supu tupu, asubuhi akakimbia mpaka akaona giza. Ndoo za mchanga akaziacha, maana hakuwa tena na nguvu za kuzinyanyua. Suruali ikaendelea kumkaa vizuri.

Siku ya siku, alipokuwa akimhamisha bibi mmoja aliyevunjika nyonga, mikono ikamwisha. Haikuuma, iliisha tu. Nesi akamdaka bibi kwa chini, wakamlaza salama, lakini bibi alikuwa ameona. Akamshika Tingatinga kifundo cha mkono na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, nani anakubeba wewe?" Msimamizi akamrudisha nyumbani mchana uleule. Kesho aje ofisini wazungumze habari za geti.

Akiwa kwenye ngazi za hospitali akampigia Pindo.

"Mtu ameniponyoka mikononi," akasema. "Basi, nimekwisha. Sina nguvu tena."

"Pole, baba. Pole sana. Njoo Jumamosi, tutazungumza."

"Jumamosi? Leo siwezi kuja?"

"Leo nina kazi ya mteja. Jumamosi, mpenzi."

Pindo alisahau kukata simu. Tingatinga alikuwa bado ameishikilia sikioni aliposikia kiti kikisogezwa, halafu sauti ya Pindo, ile sauti ya chini ambayo aliamini ni yake peke yake: "Na wewe usiende popote, unasikia? Wewe hunipungukii."

Hakumbuki aliteremka vipi ngazi zile mpaka akafika sokoni. Mawingu yalikuwa yameshuka, mchana umekuwa wa kijivu, mvua inakaribia, na wachuuzi walikuwa wakifunika vitambaa kwa maturubai. Taa ya duka ilikuwa inawaka. Juu ya pazia la kujaribia akaona kivuli cha mwanamume mpana, bega kwa bega, tumbo mbele. Kwenye ukingo wa pazia likachungulia shati la sare ya hospitali. Mikono ya Pindo ilikuwa imemzunguka kiunoni, shavu limelala kifuani pake.

Mwanamume yule hakuwa na kichwa.

Tingatinga akalivuta pazia. Sanamu ilisimama mbele yake, imevaa shati lake la zamani, na ndani ya shati ulikuwa mwili wake, wote, tumbo alilolibeba miaka yote, mnofu wa mbavuni, bega la kulia lililozidi kidogo la kushoto. Ulikuwa mkubwa kuliko alivyokumbuka kuwa aliwahi kuwa. Mezani palikuwa na suruali yake imefumuliwa mishono, na kando yake vipande vyembamba vya kitambaa cha sare. Pindo alikuwa na kimoja mkononi. Mgongoni mwa sanamu palikuwa na tundu, na tundu lilikuwa limejaa vipande kama hivyo.

"Unazipunguza," Tingatinga akasema. Alikaa sakafuni. "Kila wiki unazipunguza."

"Nazipunguza."

"Na futi?"

"Futi nilikudanganya." Pindo hakulia. Aliongea kama anayesoma kitu cha mbali. "Mume wangu alianza hivyohivyo. Shavu, kisha shingo. Nikasema asijue. Nikawa nampunguzia nguo anapolala, ili akiamka zimkae, aseme leo si mbaya. Nilimpunguzia mpaka mwisho. Alipokufa alikuwa na kiuno cha mtoto, na suruali ilimkaa vizuri. Wewe uliponiambia unapungua, mikono ikaanza yenyewe. Nilijua huumwi. Nilijua, lakini mikono haikujua."

"Umeniua, Pindo. Nilidhani nguvu zangu zinaisha, nikazimaliza mwenyewe."

"Nenda, basi," akasema. "Mtu kama mimi si wa kukaa naye. Nenda kabla mvua haijaanza."

Tingatinga hakwenda. Alikuwa anautazama mshono wa suruali ile mezani, uzi mmoja mmoja, mshono usioonekana, na kitu kikawa kinampanda polepole kutoka miaka ya nyuma. Wahudumu husahau sura, zinakuwa nyingi. Ila uzito hawausahau. Na kulikuwa na mtu mmoja aliyemnyanyua zamani, mwepesi kuliko wote, mwepesi mpaka alitaka kumuuliza kama yumo.

"Alivaa koti la kijivu?" akauliza. "Bitana nyekundu?"

Pindo akamgeukia.

"Mimi ndiye niliyempeleka wodini. Nilistaajabu, mtu hana mwili na koti limemkaa kama alizaliwa nalo. Nikamsifia. Akacheka, akanifunulia bitana, akanionyesha mishono, mmoja juu ya mwingine, mingi. Akasema, 'Mke wangu ni fundi. Anadhani sijui.'"

"Usinifanyie hivyo."

"Nikamuuliza kwa nini hamwambii. Akasema, 'Nikimwambia najua, atabaki na nini cha kunifanyia?'"

Mvua ikaanza kwenye mabati, na kwa kitambo hawakuweza kusikiana hata kama wangesema. Pindo aliketi naye sakafuni. Alilia kama mtu anayetua mzigo, bila haraka, na Tingatinga akamkumbatia.

Mvua ilipopungua akamwambia, "Kesho nitamwambia msimamizi anipe miezi michache. Nitakula, nitanyanyua ndoo zangu, nitakwenda polepole kama nilivyoambiwa. Nitapungua, Pindo. Na siku moja, nikizeeka, nitapungua kwelikweli. Nataka niwe nyumbani kwako siku hiyo."

"Unaniposa ukiwa umekaa chini?"

"Sina nguvu za kusimama."

Pindo akafuta uso kwa mkono wa joho lake. Akamtazama shavu, kisha shingo, kisha mifupa ya mabega, mahali pote ambapo kwa miezi alikuwa hathubutu kutazama.

"Umekonda," akasema. "Umekonda vibaya, mume wangu. Twende nikupikie."